Siti ya Katikati

Jiwe la kwanza lilipasua kioo cha nyuma, na vipande vyake vikamwingia Dada Picha kifuani na kwenye nywele alizotoka kusuka asubuhi ile. Ilikuwa saa sita mchana, kwenye makutano ya barabara mbele ya soko, mahali ambapo watu hawapungui hata mvua ikinyesha. Kaka yake, kijana aliyeitwa Gia kwa kupenda kwake mwendo, alikuwa amemgonga mwendesha pikipiki. Pikipiki ilikuwa imelala chini ya bampa, mwenyewe ameushika mguu wake analia, na kabla Gia hajazima injini umati ulikuwa umeshafika.

Mmoja alisema dereva atolewe. Mwingine akauliza nani ana kiberiti.

Gia alivutwa kupitia dirishani. Akapigwa teke la mbavu, na mchukuzi mmoja wa soko akamshushia rungu mgongoni. Dada Picha alifungua mlango wa nyuma akashuka. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu la kazini, limepigwa pasi likanyooka, na viatu vya kisigino kirefu alivyovionea fahari sana. Akavua kimoja, akakitumia. Kisigino kilimpata yule mwenye rungu kwenye paji la uso, damu ikamwingia machoni. Kazi ya dada huyu ni kupiga picha za eksrei hospitalini, ndipo alipopata hilo jina, na kila teke lililomwingia kaka yake alijua limevunja nini.

Hapo honi ikalia. Lori jekundu la kuvuta magari mabovu liliingia katikati ya watu polepole, halisimami, linawasukuma kwa bampa. Dereva wake akaruka chini, mtu mpana wa mabega, fulana imelowa grisi, mnyororo mkononi. Aliuzungusha mara moja, ukapiga lami, cheche zikaruka. Watu wakarudi nyuma.

"Majeruhi wapande," alisema. "Mwenye pikipiki kwanza."

"Na huyu," Dada Picha alisema, akimburuta Gia kwa kola.

"Huyo ndiye aliyegonga?"

"Huyo ndiye kaka yangu."

"Basi mpandishe. Na wewe dada, kiatu cha pili kiko wapi?"

"Kiko kichwani mwa mtu."

Dereva akacheka. Mawe yanapita juu ya kichwa chake, naye anacheka, na Dada Picha akajikuta anamtazama mara ya pili.

"Ubamize mlango," alimwambia walipokwisha kupanda. "Huu haufungiki kwa kubembelezwa."

Akaubamiza. Kwenye kioo cha pembeni aliona kiberiti kimepatikana. Gari lao lilishika moto kuanzia kwenye siti, moshi mweusi ukatoka madirishani, halafu honi ikaanza kulia yenyewe, ikalia mpaka ikazimika. Dada Picha alilia njia nzima mpaka hospitalini. Huko alijifuta machozi, akavaa vazi lake zito la kuzuia mionzi, akampiga picha mwendesha pikipiki. Mfupa mmoja ulikuwa umevunjika, wa kuunga.

*

Sasa niwaeleze jambo la nyumba hii, maana bila hilo hamtaelewa kilichofuata.

Majirani waliwasifu kwa utulivu. Haikusikika sahani ikivunjika kwao, wala mtu kumpandishia mwenziwe sauti. Siri yao ilikuwa lile gari. Baba, karani wa ghala la nafaka, alikulia kwenye chumba kilichotenganishwa na majirani kwa mbao tu, na mtaa mzima ulijua baba yake alimpiga mama yake leo kwa kitu gani na jana kwa kitu gani. Alipooa aliapa kwamba ugomvi wake hautasikiwa na mtu. Aliponunua gari akapata pa kugombania.

Mtu akikosa, Baba alisema tu, "Nina neno." Wote wanne walitoka uani wakapanda. Baba kwenye usukani, Mama kushoto kwake, Gia nyuma ya Baba, Dada Picha nyuma ya Mama. Injini, kama ilikuwa inawaka, ilizimwa. Vioo vilipandishwa. Kisha walitukanana mpaka vioo vikaingia ukungu. Neno lilipokwisha, Baba alizungusha kishikio cha mlangoni akashusha kioo chake, na aliyelirudia neno hilo ndani ya nyumba alihesabiwa hana adabu.

Mimi nasema ilikuwa desturi nzuri kuliko nyingi tulizonazo. Garini hakuna anayemtazama mwenziwe usoni, na ngumi haina nafasi ya kurushwa.

Gari likaungua. Mama, ambaye alishona mapazia, alianza kubeba majora ya vitambaa begani kutoka kituo cha basi, akafika na shingo imekaza. Baba aliamka alfajiri akatoka na ndoo na kitambaa kwenda kuosha gari lisilokuwepo, akasimama uani kwa muda, halafu, kwa kuwa maji yalikwisha kuchotwa, akaosha geti. Hayo yote mtu huyazoea. Walichoshindwa kukizoea ni hasira, kwa sababu sasa haikuwa na mahali pa kwenda.

Jioni moja mezani, Gia bado amefungwa bandeji mbavuni, Baba alisema, "Nina neno."

Wote wakainuka. Walifika uani, wakasimama mbele ya doa la oili lililoachwa na gari kwenye saruji. Wakarudi ndani. Na kwa mara ya kwanza wakagombana huku wanatazamana.

"Ulikuwa unaangalia wapi?" Baba aliuliza.

"Pikipiki ilitokea tu, Baba. Sikuiona."

"Kitu kinachopiga kelele vile hukukiona?"

"Muulize huyu. Alikuwa nyuma."

Dada Picha akainamisha uso. Siku ya ajali alikuwa amekaa kwenye siti yake ya siku zote, nyuma kushoto, na kutoka pale aliona simu mkononi mwa Gia. Akanyamaza.

Baba alimwona mwanawe usoni akidanganya. Garini asingemwona. Kofi likatoka lenyewe. Gia akamsukuma, Baba akaangukia kabati la vyombo, vioo vikamwagika juu yake. Mama akarusha chupa ya chai, bila kumlenga yeyote, ikapasukia ukutani. Jirani akabisha hodi. Baba alimfungulia huku damu inamtiririka sikioni.

"Tunahamisha samani," alisema, akafunga mlango.

*

Mwenye lori, ambaye mjini walimwita Winchi, alikuwa amekwenda hospitalini siku ya pili baada ya ule moto kurudisha kile kiatu. Alikuwa amekiokota kwenye majivu.

"Kimeungua kisigino kidogo," alisema. "Nimekifuta damu. Sikujua kama unataka ibaki."

Alipeleka pia nyumbani kitu pekee kilichosalimika garini, spana ya magurudumu, imeungua ikawa nyeusi. Mama akaiweka nyuma ya mlango. Lori lile likaanza kupita karibu na hospitali kila kazi zinapomalizika, na simu nazo zikaanza.

"Umefika nyumbani?"

"Nimefika. Nimeloa, nimekanyagwa, na gauni limechanikia kwenye msumari wa kituo cha basi. Umefurahi?"

"Kwa nini hukuniita nije nikuvute?"

"Mimi si gari bovu."

"Gari bovu lina nafuu. Ukilifunga mnyororo linakufuata. Wewe mpaka ubembelezwe."

"Basi bembeleza."

"Laazizi wangu. Roho yangu. Kesho nikupitie?"

"Nipitie. Ila uwe umeoga."

"Nitaoga mara mbili. Ya pili nitatumia sabuni."

Walipendana haraka, kama wapendavyo watu ambao kazi zao zinawakumbusha kila siku kwamba maisha hayachelewi kukatika. Winchi alishavuta magari ambayo ilibidi kwanza yakatwe ili watu watolewe. Dada Picha alishapiga picha za wake wanaosema wameteleza bafuni, na mfupa unaonyesha fimbo. "Ajali ni moja," alimwambia Winchi siku moja. "Wewe unachukua chuma, mimi nachukua mtu." Winchi alimshika mkono, na kile kiganja kikubwa kinachovuta malori kutoka mtaroni kikatulia mkononi mwake.

Gia tu ndiye hakumpenda. Kila alipomwona aliyaona makutano yale. Winchi alipokuja kujitambulisha kwa wazee, amevaa shati jeupe na suruali yenye mstari wa pasi, Gia alimsubiri getini na ile spana.

"Wewe ndiye uliyeliburuta gari letu mpaka kwa wayeyusha chuma."

"Lilikuwa limeungua, shemeji."

"Shemeji yako nani?" Akaishusha spana kwenye taa ya lori, ikapasuka. Akaiinua spana tena.

Winchi alimdaka kifundo cha mkono, akakinyonga mpaka spana ikaanguka na Gia akapiga goti. Wangeweza kuvunjana pale. Winchi akamwachia, akaiokota spana, akamrudishia.

"Taa itabadilishwa," alisema. "Mkono wako sitaki kumletea dada yako aupige picha."

Akaondoka hajaingia ndani. Dada Picha aliyaona yote dirishani, akajua kwamba mwanamume yeyote mwenye akili timamu asingerudi kwenye nyumba ile.

*

Ndiyo maana siku iliyofuata, jioni, Winchi alipoegesha lori mbele ya safu ya maduka, Dada Picha alijiandaa kuachwa. Umeme ulikuwa umekatika na jenereta la duka la jirani likinguruma. Winchi hakutania hata mara moja njia nzima. Alizima injini. Akapandisha kioo chake, akajinyoosha akapandisha na cha upande wa Dada Picha. Akafuta kiganja kwenye suruali.

"Nina neno," alisema.

Basi. Katika maisha yote ya Dada Picha mambo hayo matatu, yakikutana, yalikuwa na maana moja. Na nyumbani kwao alijifunza kwamba ukisubiri kuanzwa utaonewa, kwa hiyo akaanza yeye.

"Sema unaniacha. Sema kwetu ni wehu, baba anatoka damu, kaka anashika vyuma. Sisi ni wehu, na wewe ni nani? Mvuta mizoga. Unakula kwa ajali za watu. Siku ile ulikuja kwa sababu uliona damu, kama kunguru."

"Mpenzi, ngoja kwanza. Mimi nilitaka..."

"Sikungoji." Alimpiga kifuani kwa mkoba, akampiga tena usoni, mdomo ukapasuka. Winchi hakukinga. Dada Picha alishuka, Winchi akajinyoosha juu ya siti amshike, mkono wake wa kulia ukaangukia kwenye fremu ya mlango. Dada Picha hakugeuka. Alifanya alivyofundishwa siku ya kwanza. Akaubamiza mlango ule kwa nguvu zake zote.

Jenereta lilikuwa linanguruma. Aliondoka anakimbia, mvua ikaanza, na sauti iliyotoka ndani ya lori hakuisikia.

*

Nyumbani aliwakuta katikati ya vita. Meza imepinduliwa. Baba ameshika mguu wa kiti uliovunjika, shati limechanika mpaka kitovuni. Gia ameinua spana juu ya kichwa cha baba yake. Mama amesimama kati yao na mkasi wake wa kukatia mapazia, ncha inamtazama huyu na kumgeukia huyu.

"Atakayepiga kwanza namchoma," Mama alikuwa anasema. "Mume au mwana, namchoma."

Dada Picha alipita katikati yao akilowanisha sakafu. Akachukua viti viwili akavipiga chini vikielekea ukutani. Akachukua vingine viwili akavipiga chini nyuma ya vile. Akafunga dirisha, akafunga mlango.

"Nina neno," alisema.

Hakuna mwingine zaidi ya Baba aliyewahi kusema hivyo. Wakatazamana. Baba ndiye aliyeanza kukaa, mbele kulia, na mikono yake ikajiinua yenyewe ikashika usukani usiokuwepo. Mama akakaa kushoto kwake, mkasi mapajani. Gia akakaa nyuma ya Baba.

"Gia alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu," Dada Picha aliuambia ukuta. "Niliona. Nikanyamaza kwa kuogopa kwamba Baba atamuua. Sasa mnauana kwa sababu nilinyamaza."

Spana ikaanguka sakafuni.

"Ni kweli," Gia alisema. "Kijana wa watu nusura afe. Wangenichoma mimi. Kila nikilala nasikia ile honi."

Baba alianza kupiga kelele. Alipiga kelele kuhusu simu, kuhusu gari, kuhusu alfajiri anazotoka na ndoo. Mama naye akampigia kelele Baba kwa lile kofi, na kwa shingo yake inayouma ambayo hakuna aliyeiulizia. Lakini mikono ya Baba ilibaki pale ilipo, na hakuna aliyemgusa mwenziwe. Wahenga walisema mwenye kelele hana neno, na nyumba hii ilihitaji kelele kuliko mkate.

Walipochoka, Mama aliuliza bila kugeuka, "Na wewe umetoka wapi umelowa hivyo?"

Akawaeleza. Injini, vioo, nina neno, mkoba, mlango.

Mama aliuweka mkasi sakafuni.

"Mwanangu," Mama alisema, "hayo ya kuzima gari na kufunga vioo ni yetu sisi. Huyo kijana nani alimwambia?"

Hakuna aliyemwambia. Dada Picha alimpigia simu hapohapo. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena na tena.

*

Asubuhi Dada Picha alikuwa kazini, macho yamevimba. Alisema, "Anayefuata," na Winchi akaingia, mdomo umepasuka, mkono wa kulia umefungwa kwa lile shati jeupe, umevimba, umebadilika rangi.

Dada Picha alielewa kabla hajaambiwa.

"Ni mlango," alisema.

"Nilikufundisha mwenyewe kuubamiza."

Winchi hakucheka safari hii. Dada Picha hakujua afanye nini, kwa hiyo akafanya kazi yake. "Vua vyuma vyote. Saa, funguo, mkanda."

Kwa mkono wa kushoto Winchi akaweka mezani saa, funguo, kopo la grisi. Kisha akatoa mfukoni kitambaa kilichokunjwa, akakilaza mezani, akakikunjua taratibu kwa vidole vitatu. Ilikuwa pete.

"Hii nayo ni chuma," alisema. "Ndilo neno nililokuwa nalo jana. Nilifunga vioo lile jenereta lisinizibe masikio, nisikie vizuri utakavyojibu. Nikasikia vizuri."

Dada Picha alimweleza desturi yao, yote, huku analia na huku anaupanga ule mkono kwenye sahani ya eksrei kwa upole ambao hajawahi kumpa mgonjwa. Aliomba msamaha. Alimwambia anampenda, na kwamba hilo alilijua tangu kwenye moshi. Picha ilipotokea waliitazama pamoja. Mifupa miwili ya kiganja ilikuwa imekatika.

"Utaunga?"

"Mkono utaunga."

Winchi aliirudisha pete mfukoni. "Nina hasira," alisema. "Sikudanganyi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuja kukuambia, mabaya kuliko yako. Mimi nilishika mizoga hiyo watu wakiwa bado wanapumua ndani. Hilo la kunguru limenikaa hapa."

"Niambie yote."

"Nje kuna wagonjwa wanasubiri."

"Basi njoo kwetu jioni, uniambie. Tunapo mahali."

*

Alikuja. Gia ndiye aliyemfungulia geti, akautazama ule mkono uliofungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, akasogea pembeni ampishe. Ndani, viti vinne vilikuwa bado vimeelekea ukutani. Hakuna aliyevirudisha mezani. Baba alizunguka mara mbili, akakuna kichwa. Kisha akaleta kigoda cha jikoni, akakisukuma nyuma, katikati ya Gia na Dada Picha.

"Mgeni anakaa katikati," alisema. "Hapana mkanda. Vumilia."

Wakapanda. Madirisha yakafungwa.

"Nina neno," Winchi alisema, akiutazama ukuta kama alivyoelekezwa. Akasema. Alisema mizoga, alisema kunguru, alisema mkono wake, alisema taa ya lori. Sauti yake ilipanda mpaka mapazia ya Mama yakatikisika, na Dada Picha aliyapokea yote, akajibu mengine, akakubali mengi. Gia akadakia, akaambiwa anyamaze na watu wawili, akaomba radhi kwa kelele. Mama akamgombeza Winchi kwa kuondoka siku ile bila kula. Baba akamgombeza kwa kuwachukua wasichana wa watu kwenye lori lisilofungika mlango. Winchi alitazama huku na huku, amebanwa mabega na hawa wawili, anatukanwa kutoka mbele na pembeni, na hasira ikaanza kumtoka mwenyewe bila kujua inakopitia.

Walipochoka, Baba aliinua mkono wa kulia akazungusha hewani kile kishikio kisichokuwepo, taratibu, mpaka kioo kikafika chini.

"Limekwisha?" Winchi alinong'ona.

"Limekwisha," Dada Picha alisema.

"Halirudiwi tena?"

"Anayelirudia hana adabu."

Winchi aliingiza mkono wa kushoto mfukoni, akatoa kile kitambaa, akashindwa kukikunjua. "Gia, nisaidie. Sina mkono."

Gia alikikunjua kwenye kiganja chake mwenyewe, akaishika ile pete juu kama mtu aliyeshika kitu cha moto, na kwa mara ya kwanza tangu yale makutano akatabasamu. Winchi akamgeukia Dada Picha, akamtazama usoni.

"Unanitaka? Sema ndiyo, au nivunje na huu mwingine."

"Nakutaka," alisema. Akanyoosha kidole, na pete ikapita.

Hakuna aliyeshuka kwa muda. Kisha Baba akasema chakula kinapoa, na wote wakaanza kuinuka.

"Mwanangu," Mama alisema, bado hajageuka, "ukishuka, mlango ufunge polepole."